Mgebuka mwenye dagaa tumboni: jibu kwa mwalimu wa Uvinza

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nafundisha shule ya msingi huku wilaya ya Uvinza, huu ni mwaka wangu wa tatu kazini. Somo la Sanaa na Michezo nilitupiwa kwa sababu mwalimu mkuu aliona mwandiko wangu wa ubaoni ni mzuri. Sasa nimeomba nafasi shule moja ya binafsi Kigoma mjini, nao wanataka niandike ukurasa mmoja wa 'falsafa yangu ya kufundisha sanaa'. Leo siku ya nne niko na karatasi. Nimeandika 'Sanaa ni kioo cha jamii', nikakwama hapo hapo. Darasa la nne nina watoto 84, rangi hatuna, penseli wanaazimana. Falsafa inatoka wapi katika hali hiyo? Na swali dogo la mwisho: vifutio niwaruhusu au niwakataze?"

Marahaba, mwalimu, na pole kwa siku nne za kuikodolea karatasi macho. La vifutio nitalijibu mwishoni, ila kwa hiyo sentensi ya kioo ruhusa nakupa sasa hivi: ifute. Si kwamba ni uongo. Ni kwamba nusu ya waombaji wenzako wataiandika, na mwenye shule akishaisoma bado hajui wewe Jumanne, kipindi cha nne, unafanya nini. Mimi nimefundisha miaka 34, sasa nimestaafu nimekaa barazani kwangu Ujiji, na hadi leo sijajua hicho kioo kinatundikwa ukuta gani wa darasa.

Kwa ninavyoijua mimi, falsafa ya mwalimu imo kwenye mambo anayoyafanya bila kujiuliza. Kwa hiyo acha kujiuliza unaamini nini kuhusu sanaa. Jiulize hivi: mtoto amekwama, amekuinulia karatasi, anasema "mwalimu, nisaidie hapa". Mkono wako unakwenda wapi?

Wangu ulikuwa unakwenda kwenye penseli yake.

Ilikuwa mwaka wangu wa nne au wa tano kazini. Shuleni kulikuwa na mahafali, mgeni rasmi anakuja, na ikaagizwa ukuta wa ofisi upambwe kwa picha za wanafunzi. Nikawaambia darasa la tano wachore vitu vya ziwani. Binti mmoja, mama yake mchuuzi wa samaki pale mwalo wa Kibirizi, akachora mgebuka. Alimchora mrefu, kajaa karatasi kutoka pembe hadi pembe, na tumboni mwake akampanga dagaa saba kama wanafunzi kwenye mstari wa asubuhi, kila mmoja na jicho lake. Tumbo lenyewe halikupasuliwa. Alichora kama vile ngozi ya samaki ni chupa.

Nikamwambia, "Samaki hatuoni vya tumboni mwake."

Akanijibu kwa adabu, "Lakini wamo, mwalimu."

Nikachukua kifutio nikawafuta wote saba. Nikachukua na penseli, nikamnyooshea samaki mgongo, nikamtia magamba kwa mistari ya kupishana kama nilivyofundishwa chuoni, mkia nao nikautengeneza. Picha ikatoka safi. Mgeni rasmi alisimama mbele yake akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mahafali yakaisha, nikarudisha picha kwa wenyewe waende nazo nyumbani. Binti yule akaiacha mezani kwangu. Nikamwita, nikamwambia amesahau samaki wake.

"Huyo si wangu, mwalimu. Ni wa kwako."

Hakununa. Alisema kama mtu anayekurudishia mwavuli ulioacha kwao.

Kilichonichoma zaidi nilikielewa baadaye. Migebuka wanakula dagaa. Muulize mvuvi yeyote wa hapa: usiku dagaa wanapoufuata mwanga wa taa, migebuka nao wako nyuma yao, ndiyo maana wavu mmoja unawaleta wote. Yule binti alikuwa akishinda jioni anapasua samaki na mama yake. Dagaa wale alikuwa amewaona, na amewatoa kwa vidole vyake. Yeye alichora anachokijua, nami nikamwekea juu yake magamba ya kitabuni.

Tangu siku hiyo nina sheria moja, na ukinibana hiyo ndiyo falsafa yangu nzima: karatasi ya mwanafunzi siigusi. Siigusi kwa penseli, siigusi kwa kifutio, na kalamu nyekundu ndiyo kabisa.

Inaonekana sheria ndogo. Jaribu wiki mbili utaona inavyokutesa. Mkono ukishafungwa, inabidi useme, na ili useme kitu cha maana inabidi ujue cha kuuliza. Mimi mfukoni mwa shati nilikuwa natembea na vipande vya karatasi chakavu. Mtoto akikwama nachuchumaa pembeni yake, nachora kwenye kipande changu, tunazungumza, halafu kipande nakirudisha mfukoni asije akakinakili. Na mara nyingi hata kipande hakihitajiki, kinachohitajika ni kitu chenyewe. Mtoto aliyekwama kwenye mkia wa samaki, dawa yake si mkia wangu. Dawa yake ni samaki.

Basi nikawa nanunua mgebuka mmoja asubuhi, namlaza juu ya jani la mgomba mbele ya darasa. Kipindi ni dakika 40, na kwa joto la Kigoma samaki mwenyewe anakuharakisha. Watoto wanaokula samaki tangu wameota meno, ukiwaambia wachore kichwa chake, wengi watamwekea jicho katikati na mdomo unaotabasamu kama wa mtu. Sikuwa nawaambia wamekosea. Nilikuwa nawaita wanne wanne: weka kidole kimoja kwenye jicho la samaki, kingine kwenye ncha ya mdomo, niambie katikati panaingia vidole vingapi. Na kutoka jicho hadi mwisho wa shavu, vingapi? Haya, nenda kwenye karatasi yako ukahesabu. Neno "uwiano" nililitaja wiki ya tatu, wakati kila mmoja alikuwa tayari analo kwenye vidole. (Mgebuka alimalizikia kwa mpishi wa shule, naye alikuwa mpenzi mkubwa wa somo letu.)

Wapo watakaokutupia methali ya samaki mkunje angali mbichi: mtoto mshike mkono mapema, umwonyeshe mstari sahihi, akizoea basi. Hiyo methali nadhani ilitungwa na watu wa samaki wakubwa. Sisi huku tunaanika dagaa, na dagaa hakunjwi na mtu. Anajikunja mwenyewe juani, kila mmoja kwa namna yake.

Lakini usinielewe vibaya ukaniweka kwenye kundi la "waacheni watoto wajichoree wapendavyo". Mwalimu asiyegusa karatasi ana kazi kubwa kuliko anayeigusa. Mabishano haya ni ya zamani kutuzidi sisi wote. Mwishoni mwa miaka ya 1930 mama mmoja wa Kiingereza, Margaret Trowell, alianzisha darasa la sanaa kule Makerere, Uganda, na mwanzoni lilikuwa darasa la barazani kwake. Aliogopa kuwajaza wanafunzi ufundi wa Ulaya. Aliwasimulia jambo, wao walione kwanza kichwani, kisha wachore. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa wa kwetu, Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame mwaka 1923, ambaye maisha yake yote alichora watu wa kwao Kilimanjaro wakilima, wakijenga, wakisherehekea. Akafundisha Makerere, na tulipopata uhuru akawa balozi wa Tanganyika London. Picha yake moja ya mwaka 1956, watu wanapeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, ipo kwenye makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York. Trowell alipoondoka, mwaka 1958 akashika nafasi Cecil Todd, naye akaja na mkondo mwingine: nadharia ya rangi, historia ya sanaa ya dunia, ufundi. Wakutanishe leo walimu wawili wa sanaa popote Afrika Mashariki, utamsikia mmoja anasema ya Trowell na mwenzake ya Todd, hata kama majina hayo hawajawahi kuyasikia.

Mimi naona Trowell alikuwa sahihi kuhusu picha ni ya nani. Kuhusu ufundi sikubaliani naye. Kumnyima mtoto wa Kiafrika mbinu ya kuonyesha umbali, eti atapoteza uasili wake, ni dharau iliyovaa kanzu. Na kwa darasa lako hasa ni hatari. Viktor Lowenfeld, mwalimu wa sanaa mzaliwa wa Austria aliyehamia Marekani, alieleza tangu miaka ya 1940 hatua ambazo mtoto anapitia katika kuchora, na umri wa kati ya miaka 9 na 12 ndipo mtoto anapoanza kutaka picha yake ifanane na kitu chenyewe. Wewe umeshaliona hilo bila kusoma popote. La pili wanachora ukutani, mchangani, kwenye madaftari ya wenzao. La sita ukiwaambia wachore, wanakujibu "mimi sijui kuchora". Katikati hapo kuna nini? Kuna darasa lako la nne. Mtoto wa miaka kumi ameanza kuona kwamba nyumba yake ya pembetatu haifanani na nyumba, na wewe ukimwambia "nzuri, endelea tu", umemtelekeza.

Hebu fanya jaribio hili kesho. Waambie wachore "mandhari". Utaletewa picha 84 na zote ni moja: milima miwili, jua linachomoza katikati na miale yake, ndege wa umbo la V, nyumba ya pembetatu, na pembeni mnazi uliolalia upande. Mnazi, mwalimu! Katika mkoa wa michikichi! Watoto ambao mama zao wanakamua mawese uani wanachora mti wa pwani. Na sisi wa mwambao huu wa ziwa jua hatulioni likichomoza katikati ya milima miwili. Letu tunalisindikiza jioni likizama upande wa Kongo. Nilijiuliza sana picha hiyo inatoka wapi, mpaka siku moja nikageuka nikatazama ubao wangu mwenyewe.

Basi nikawatoa nje kwenye mchikichi. Sheria ya siku: dakika 15 hakuna kushika penseli. Kuna kushika mti tu. Shina la mnazi ni laini na mara nyingi limepinda. Hili la mchikichi limesimama wima na limejaa vikonyo vya makuti yaliyokatwa, kama ngazi iliyozungushwa. Mashada ya chikichi yamejificha kwenye makwapa ya makuti, hayaning'inii kama madafu. Watoto walihesabu, wakabishana, mmoja akajichoma na miiba ya shada akatukana kwa Kiha nikajifanya sikusikia. Tuliporudi ndani hakuna picha mbili zilizofanana, na hakuna aliyeuliza "mwalimu, unachorwaje?"

Umbali nao niliufundisha kwa ziwa. Mvua zikishaosha hewa, kutoka juu huku milima ya Kongo unaiona ng'ambo, rangi ya samawati iliyopauka. Ikifika Agosti, moshi wa mashamba na vumbi vinaitwaa yote, unabaki na maji na weupe. Nilikuwa na mtoto mmoja aliyesimama ukingoni akasema, "Mwalimu, Kongo imefutwa." Sikuwa na la kuongeza. Nilichofanya ni kugawa mkaa: kilicho karibu kandamiza, cha kati lainisha, cha ng'ambo gusa tu karatasi kama unampangusa mtoto aliyelala. Hewa ya katikati ndiyo inayokula rangi, na kadiri ilivyo nyingi ndivyo kitu kinavyopauka. Huo ndio ufundi ambao wengine wanauogopa. Mtoto wa Katonga anauona kila siku akienda kuteka maji, alikuwa hajaambiwa tu kwamba unaingia kwenye karatasi.

Nije kwenye rangi ambazo huna. Mkaa unao, jikoni kwa mpishi. Udongo unao, mwekundu, na ukitafuta kwenye kingo za mito utapata wa njano na mweupe. Utwange, uchekeche kwa kipande cha nguo, uchanganye na uji mwepesi wa muhogo uliopikwa ukapoa. Huo uji ndio gundi. Tengeneza wa siku mbili tu, maana unachacha. Brashi ni kijiti kilichotafunwa ncha kama mswaki. Usije ukafanya niliyoyafanya mimi. Niliwahi kusoma kwamba wachoraji wakubwa walichanganya rangi na mafuta, nikasema sisi mafuta si tunayo? Nikakoroga udongo na mawese. Picha zilipendeza siku hiyo kuliko zote. Wiki tatu baadaye bado zilikuwa zinashika vidole, mafuta yamepenya karatasi hadi upande wa pili, na mende wa stoo ya shule walikuwa wamezila kona. Wenzetu hao walitumia mafuta ya kitani, ambayo yakikutana na hewa yanagandamana na kukauka. Mawese hayakauki hata umwombe Mungu.

Na wewe uko Uvinza, mahali ambapo watu wanatengeneza chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja, unanililia huna vifaa? Tafuta chupa moja ya wino au kisahani kimoja cha rangi ya maji. Paka karatasi ilowe, na kabla haijakauka nyunyizia punje za chumvi ya mawe. Chumvi inanyonya maji, rangi inasogea, na ikikauka ukaipangusa unabaki na madoa meupe yenye miale. Darasa la 84 kisahani kimoja kinatosha kwa onyesho. Usiwaambie ni nini. Waulize wanaona nini. Wangu waliona nyota, mizizi, na mmoja aliona ukurutu wa babu yake.

Kuhusu wingi sitakudanganya, watoto 84 ni mzigo. Lakini lipo zoezi linalogeuza uhaba wa penseli kuwa faida. Wapange wawili wawili, wamepeana migongo, penseli moja. Mmoja ameshika kitu mkononi, jani, ganda la konokono, kipande cha kigae cha chungu, hakitaji jina, anakieleza tu. Mwenzake anachora kwa kusikia. Halafu wanabadilishana. Penseli 42, na darasa zima limeangalia kitu kwa makini. Siku nyingine toka uwanjani, kila mtoto na kijiti chake, ardhi ndiyo karatasi. Upepo utafuta, na hilo nalo lina faida yake kwa watoto wanaoogopa kukosea.

Kuna jambo ambalo huenda ukakutana nalo zaidi ukihamia mjini. Hapa Ujiji alinijia baba mmoja, mtu mzima, tukasalimiana vizuri, akaniambia kwao hawachori viumbe vyenye roho, na mwanawe asilazimishwe. Angenikuta miaka yangu ya mwanzo ningemtolea hotuba ya mtaala. Siku hiyo nilimshukuru kwa kuja, na jioni nikamwomba mke wangu kanga. Kanga, kama ujuavyo, ina pindo, mji na jina. Pindo inazunguka, mji uko katikati, jina limekaa chini ya mji. Kijana yule nikampa kazi ya kutunga kanga yake: pindo irudie rudie bila kuchosha, mji usizidiwe nguvu na pindo, herufi za jina zitoshe mahali pake zisibanane mwishoni. Alivyohangaika na zile pembe nne, pindo inapokunja kona bila ua kukatika! Nikaona kazi yake ni ngumu kuliko ya wenzake, nikaigeuza ikawa ya darasa zima. Hadi nastaafu, mpangilio wa picha nilikuwa nafundisha kwa kanga. Maneno tayari yapo, ni ya Kiswahili, na kila mtoto amebebwa ndani yake. Ukimwuliza wa darasa la nne "picha hii mji wake uko wapi?" anakuonyesha kwa kidole.

Utaulizwa kuhusu kunakili, kwa hiyo ujiandae. Edward Saidi Tingatinga alipoanza Dar es Salaam mwaka 1968, akichora kwa rangi za baiskeli kwenye mbao za dari, aliowafundisha walikuwa jamaa zake waliokaa ubavuni mwake wakifanya anavyofanya. Yeye akafariki mwaka 1972, miaka minne tu, na mtindo haukufa naye. Kwa hiyo siwezi kusema kunakili ni dhambi. Ila mwanagenzi aliyekaa ubavuni kwa fundi anaona yote, fundi anavyosita, rangi inavyomchuruzika, anavyoirekebisha kwa kuigeuza kuwa tawi. Mtoto anayenakili ubao anaona kilichokwisha. Ukilazimika kuchora ubaoni, chora mbele yao na ukosee mbele yao.

Alama: upande wa picha bado hauguswi. Geuza karatasi, andika nyuma kwa penseli jambo moja uliloliona na swali moja. Ukidaiwa namba, toa namba kwa kutazama alivyotazama, si kwa uzuri. Na ukitundika, tundika zote hata kama ni kwa zamu. Basi.

Sasa ukurasa wako. Usianze na neno "falsafa" wala "sanaa". Anza na kipindi kimoja ulichokifundisha, chenye idadi ya watoto, idadi ya penseli, walichokitazama, na mtoto mmoja alichokisema. Nusu ukurasa. Halafu aya moja: kwa nini ulifanya hivyo na si vinginevyo, na hapo ndipo imani yako itatokea yenyewe bila kuitwa. Halafu sentensi mbili tatu za jambo ulilolikosea na ulivyobadilika. Hii ya mwisho waombaji wengi wanaiogopa, lakini mwenye shule mwenye akili ataisoma mara mbili. Na kama pale wanatafuta mtu wa kuwanyooshea watoto picha kabla wazazi hawajafika siku ya mahafali, ukurasa huo utakukosesha kazi, na ni afadhali ikukose sasa kuliko Novemba.

Haya, vifutio. Wiki tatu za mwanzo, hapana. Mstari ukikosea mtoto aache ulivyo, achore mwingine pembeni yake. Utaona wanaanza kulinganisha, na wewe utasoma walivyofikiri. Baada ya hapo kimoja kwa dawati, kikae katikati, na anayekitaka aseme kwanza anafuta nini. Wewe mwenyewe usiwe nacho kabisa.

Ile picha ya mgebuka bado ninayo, imo kwenye sanduku la vyeti. Niliifuta dagaa kwa nguvu, lakini binti alikuwa amekandamiza penseli, na karatasi ya manila haisahau upesi. Jioni, jua likiingia chini chini kutoka upande wa ziwa, nikiilaza karatasi usawa wa dirisha, mifereji yao inaonekana. Juzi nilimwonyesha mjukuu wangu akawahesabu. Alipata sita. Wa saba yuko karibu na mkia, nilipoweka magamba mengi.